Ngozi ya Upande Mmoja

Mtambwe, Pemba
Jumapili, 20 Aprili 2025

Kwa mdogo wangu Mwanamize,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza kwa kukuuliza hali yako, na hali ya shemeji Mjaka na goti lake, na ya watoto wote hapo Fundo, wakubwa kwa wadogo. Sisi huku tunaamka na tunalala salama, Alhamdulillah. Mvua za masika zimekaza na njia ya kwetu imekuwa tope tupu. Wifi yako Zulekha anakusalimu sana, na anasema ile sabuni ya mwani uliyomletea amemficha kila mtu, hata mimi naiona kwa harufu tu.

Utashangaa kaka yako kukuandikia barua wakati simu ipo. Nitakueleza sababu, maana unanijua, sipendi kuliacha jambo bila maelezo yake. Simu yako huiweka sauti ya juu, nyumba nzima ikasikia, mpaka jirani anayepita na ndoo yake akaitikia salamu. Na ninayotaka kukwambia ni mambo ambayo kaka hamwambii dada yake uso kwa uso. Ningeanza nikaona haya, nawe ungeona haya, tukaishia kuzungumzia mvua. Kwa hiyo nimekaa na kalamu. Isome ukiwa peke yako chumbani, na uimalize kabla hujanikasirikia.

Zulekha ameniambia ulichomwonyesha wakati wa sikukuu, siku ile mlipojifungia mkasema mnajaribu nguo. Usimlaumu. Alikuahidi kwamba hatamwambia mtu, akakaa na ahadi yake siku nane, na siku ya tisa ikamshinda, akaja kuniambia huku analia. Amesema titi lako la kushoto ngozi yake imekuwa nene na ina vitundu vitundu kama ganda la chungwa, ina wekundu na joto, na chuchu imeingia ndani. Amesema hapana kidonda wala maumivu. Na amesema wewe mwenyewe umeshajipa jibu: kwamba ni mwani, ni maji ya chumvi na kamba ya pakacha unayoipitisha begani ukitoka nao baharini, na ukiacha kupanda mwani kwa bamvua mbili tatu, mwezi mmoja hivi, itaondoka yenyewe.

Mwanamize, nakuomba uende ukaangaliwe wiki hii hii. Hilo ndilo ombi langu, na barua yote ni kwa ajili yake. Ningeweza kuishia hapa, lakini nakujua. Utasema kaka Hafidh kazeeka, kivuli cha paka kinamtisha. Basi vumilia nikueleze.

Mwani nimeuona unavyowachubua. Huwasha mikono yote miwili na miguu yote miwili. Hauchagui upande. Kamba nayo huchubua pale inapopita, begani na kwapani. Haiingii ndani ya nguo ikaishika chuchu ikaivuta. Na ngozi iliyochubuka huuma. Hii yako haiumi, na hilo umelipokea kuwa ni dalili njema. Hata mimi nililipokea hivyo.

Nasema hata mimi kwa sababu mwaka jana, ulipokuja kuniangalia na ile mikate ya mofa uliyoifunga kwenye kanga, nilikwambia nimepasuliwa jipu kifuani. Halikuwa jipu. Nilikatwa titi, mdogo wangu. Nilikuwa na saratani ya titi.

Najua umesimama hapo ukarudia kusoma. Mimi pia daktari aliponiambia nilimwomba arudie, nikidhani amechukua faili la mtu mwingine. Mwanamume naye ana nyama ya titi, ndogo tu, nyuma ya chuchu, na nyama hiyo huweza kupata maradhi yale yale. Ni nadra, lakini hutokea. Miaka thelathini na minne nimesimama mbele ya ubao nikifundisha mwili wa binadamu, na hilo nilikuwa silijui.

Ilianza msimu wa karafuu wa mwaka juzi. Unajua kwamba mikarafuu ya baba sikuwahi kumwachia mtu, naipanda mwenyewe pamoja na umri huu. Mpandaji huukumbatia mti kifua kitupu au na fulana nyepesi, akashuka kwa kuburura kifua, na kila mchumaji wa Pemba ana alama zake. Basi nilipoona chuchu ya kulia imeota magamba na inawasha, sikujisumbua. Nikasema ni mti. Nikachukua mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, tunayopaka kwa meno na kwa viungo, nikapaka. Yakaniunguza, ngozi ikawa nyeusi, ikatoka majimaji. Sasa nikawa na sababu mbili badala ya moja: mti umenichubua na mafuta yameniunguza. Kila ngozi ilipobadilika, mimi nilikuwa nimeshaielezea kabla haijatimiza siku mbili.

Msimu ulipokwisha nikaenda kituo cha afya, kwa Ashraf, yule aliyekuwa mwanafunzi wangu. Kabla hajaniuliza nilimpa habari yote, mti na mafuta, kwa mpangilio, kama ninayesomesha. Akachungulia, akaniuliza kama kuna uvimbe. Nikamwambia hapana, ni ngozi tu, nikamweleza na tabaka za ngozi. Akacheka, akasema, "Mwalimu, weye ndiye uliyenifunza ngozi ina tabaka ngapi. Miye nikwambie nini?" Akanipa dawa ya kupaka ya fangasi. Baadaye, alipojua ni saratani, alikuja kwangu akaniomba radhi. Nikamwambia hana kosa peke yake. Hakuna kijana wa hapa kwetu atakayemkatiza mwalimu wake, na mimi sikumwachia nafasi hata ya kuuliza. Tulikosea wawili, yeye kwa heshima na mimi kwa maelezo.

Aliyenitoa kwenye usingizi ule ni Zulekha, naye hakusoma zaidi ya darasa la saba. Ilikuwa Ramadhani, anafua. Akaja na fulana yangu inachuruzika maji, akanionyesha doa la damu upande wa kulia, dogo kama punje ya choroko. Akaniuliza, "Hebu nambie, Mwalimu. Karafuu zimeshaanikwa, zimeshauzwa, na mti wenyewe umeshapona pale ulipovunjika tawi. Kifua chako kingali kinapanda?" Nikaanza kumweleza. Akaniambia, "Usinisomeshe. Vaa, twende."

Tukaenda hospitali. Huko nilikutana na daktari mwanamke, mdogo kuliko binti yangu Kauthar, hakuniruhusu kueleza chochote. Aliniambia, "Mzee, nipishe nione kwanza, hadithi utanipa nikishaona." Akaangalia, akashika kwapani, akakata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa kuangaliwa kwa darubini. Majibu yalichukua wiki tano. Katika wiki hizo niliendelea kusalisha tarawehe na kufungua skuli ya jioni kama kawaida, na hakuna aliyejua isipokuwa mke wangu.

Siku ya majibu tuliambiwa tukae kwenye benchi la nje. Benchi zima wanawake. Mama mmoja mtu mzima akanisogelea kwa upole akaniuliza nimemsindikiza nani. Nikasema nimemsindikiza mke wangu. Punde muuguzi akatoka na karatasi akaita kwa sauti, "Hafidh Faki!" Sina neno la kukueleza ile aibu. Benchi zima liligeuka. Yule mama akasema taratibu, "Pole baba'angu. Pita, sote hapa tuko safari moja." Nikaingia ndani nikiwa nalia, kabla hata sijaambiwa kitu.

Nilipasuliwa Unguja mwezi wa saba. Nimepewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano, na mpaka sasa vipimo ni vizuri, Alhamdulillah. Daktari ameniambia wazi kwamba ningekuja mapema zaidi nisingekatwa kwapani, na ningechelewa zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Mkono wa kulia haunyanyuki vizuri, ndiyo maana mwandiko wangu umeinama. Ulidhani ni uzee.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka tangu juzi nilipoishika kalamu.

Siku ya kwanza ya hospitali, daktari aliniuliza kama katika familia yetu kuna mtu aliyewahi kupata maradhi ya titi: mama, dada, shangazi, bibi. Alinieleza kwa nini anauliza. Maradhi haya mara nyingine hupita katika damu ya ukoo, na yakimpata mwanamume, ndipo madaktari huuliza zaidi. Zulekha alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikajibu hapana.

Haikuwa kweli. Mama yetu hakufa kwa jipu lililoharibika, Mwanamize. Bi Mwanawema alikufa kwa saratani ya titi, mwaka 1987, na katika watu wa nyumba yetu niliyejua ni mimi peke yangu.

Nilimpeleka mwenyewe hospitali, kwa sababu baba alikuwa ameshafariki na mimi ndiye niliyekuwa na elimu ya kusoma vyeti. Titi lilikuwa limekuwa gumu, na ngozi yake, daktari alivyonieleza, ilikuwa kama ganda la chungwa. Maneno hayo hayo. Zulekha aliponitamkia wiki iliyopita nilimsikia tena daktari yule. Mama naye alikuwa na sababu yake: alikuwa akisema ni mvuke wa chungu cha ubwabwa. Daktari wa wakati ule akasema apelekwe Dar es Salaam akakatwe, huenda akapona. Mama akakataa hapo hapo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, posa ya Mjaka imeshapokelewa, na harusi imebaki miezi mitatu. Aliniambia watu wa Fundo wakisikia kwamba mama mtu ana kidonda cha titi watasema ni maradhi ya ukoo, na posa itarudishwa, na mwanawe atakaa nyumbani mpaka azeeke. Akaniapisha nisimwambie mtu, na kuliko watu wote nisikwambie wewe. Nikaapa.

Utakumbuka udi aliokuwa akifukiza miezi ile, asubuhi na jioni, nyumba ikajaa moshi. Wewe hupenda kuwasimulia watoto kwamba mama alifurahi kwa harusi yako mpaka akamaliza udi wa Mtambwe nzima. Nimekusikia mara nyingi ukisimulia, unacheka, na mimi nacheka pamoja nawe. Ule udi ulikuwa wa kufunika harufu ya kidonda.

Akakuoza, akaishi siku arubaini na mbili.

Na lililo zito kuliko yote ni hili. Siku alipokufa ulikuja kutoka Fundo hina ya harusi ingali kwenye kucha zako za miguu. Ukataka kuingia ndani ukamwoshe mama yako. Waoshaji walikuwa wameshaingia, wanawake watatu watu wazima, na wale waliyaona, lakini mwosha maiti hasemi aliyoyaona, nao wote watatu walikwenda nayo makaburini. Wewe nisingeweza kukuamini hivyo. Nilisimama mlangoni nikakuzuia. Nikakwambia bibi harusi ambaye hajatimiza mwaka haoshi maiti, kwamba ni sharti, na kwamba lina hatari kwa kizazi chake. Ukalia ukapiga ukuta. Nikakushika mikono.

Hakuna sharti hilo. Halimo katika dini wala halimo katika mila zetu. Nililitunga mimi, pale pale mlangoni, na kwa kuwa ni mimi Mwalimu niliyelisema, hakuna aliyelibishia. Ulinyimwa haki yako ya mwisho kwa mama yako kwa neno nililolibuni kwa dakika moja.

Kisha nikaliona linatembea. Mama yake Mjaka alipofariki, mwanao Laila alikuwa ameolewa miezi minne, akataka kumwosha bibi yake. Nikakusikia ukimwambia kwa upole, kama nilivyokwambia mimi, "Haifai mwanangu, bibi harusi hajatimiza mwaka." Laila akakaa nje akalia. Nilikuwa nimekaa barazani, hatua kumi kutoka kwako. Sikukusahihisha. Ningekusahihisha ungeniuliza, na ungeniuliza ningelazimika kusema yote.

Nisijifiche nyuma ya kiapo. Sababu ya kiapo ilikwisha siku ulipoingia kwa mumeo. Shemeji Mjaka nilimjua baada ya mwaka mmoja tu kwamba hata ukimwambia una mkia hakuachi. Ningeweza kukwambia ulipozaa Laila, au ulipotimiza miaka arubaini, umri ambao mama ngozi yake ilianza kubadilika. Nilikaribia kukwambia Kauthar alipokuwa anaposwa. Nikakaa nikafikiri, nikajikuta ninafikiri yale yale ya mama: wakisikia, posa itarudi. Nikanyamaza, safari hii bila ya mtu kuniapisha.

Wiki iliyopita, Zulekha aliponiambia habari yako, nilikwenda kwa Shehe Zubeir kumuuliza kuhusu kiapo changu. Ni kijana, lakini ana elimu. Nikamweleza tangu mwanzo. Akaniambia kiapo kinachomzuia mtu na jambo la kheri huvunjwa na kulipiwa kafara, masikini kumi walishwe. Kisha akaniuliza, "Na miaka thelathini na minane, Mwalimu, ulikuwa unangoja nini? Mpaka nizaliwe mimi nikujibu?" Ijumaa Zulekha alipika, masikini kumi wakala, nami jioni yake nikampigia Kauthar nikamweleza yote. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mwaka jana. Jana amekwenda kuangaliwa. Hawakuona kitu kwa sasa, wamemtaka arudi kila mwaka. Na daktari wangu nimeshampelekea jibu lililo sahihi.

Mdogo wangu, mimi si daktari, na sijui watakachokiona kwako. Yako inaweza ikawa ni uvimbe wa kawaida unaotibika kwa vidonge. Ninalojua ni kwamba katika nyumba yetu watu wawili ngozi zao zilibadilika upande mmoja, na kila mmoja akapata sababu iliyo karibu yake, mmoja chungu na mwengine mti. Mmoja alichelewa akafa. Mmoja alichelewa akaponea. Sitaki wa tatu ajipe sababu ya mwani.

Posa yako haiwezi tena kurudi. Na kama unadhani Laila na mdogo wake wataharibikiwa kwa watu kujua, Laila ameshaolewa, na huyo mdogo, mwanamume atakayemkataa kwa sababu mama yake alikwenda hospitali, mwache aende zake mapema. Watoto wako nao waambie. Waambie kila kitu, hata la mlangoni. Hasa Laila, mwambie kwamba alikuwa na haki ya kumwosha bibi yake.

Barua hii nampa Jecha wa boti aitie mkononi mwako, si mkononi mwa mwengine. Jumatano asubuhi boti yake inatoka Fundo na mimi nitakuwa gatini Wete kuanzia saa moja na nusu. Jina lako limeshaandikwa hospitali. Zulekha ataingia nawe kwa daktari, na ukipenda nitaingia mimi pia. Shemeji Mjaka nimemwandikia kikaratasi cha peke yake kwamba nakuhitaji kwa jambo la familia. Mengine utamwambia mwenyewe utakapotaka, lakini usichukue muda niliouchukua mimi.

Najua utakasirika. Una haki ya kukasirika kuhusu mama, kuhusu mlango ule, kuhusu Laila, na kuhusu mimi kuila mikate yako ya mofa kitandani kwangu nikikuacha uamini ni jipu. Sikuombi unisamehe kabla ya Jumatano. Njoo na hasira zako zote kwenye boti, unishukie nazo hapo gatini mbele za watu ukitaka. Lakini njoo.

Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie Laila mjomba wake anamkumbuka. Mwenyezi Mungu akulinde na akushushie salama.

Ni mimi kaka yako,
Hafidh